Mkwe Wangu, Mhesabu Ndege

Hii ninayosimulia ni kweli. Najua, kila mara ninaanza hivyo. Nimewaambia akina mama wa Matonge, mtaa wetu hapa Bruxelles, kwamba zamani nilivuka mto nikiwa nimekaa juu ya mgongo wa kiboko, nikamlipa kwa muhogo, na yuko mmoja anayeniamini mpaka leo. Lakini hii ya mkwe wangu Nday ni kweli. Mjukuu wangu Graciella ndiye anayeandika, maana mimi sikuketi shuleni hata siku moja, na ameapa kwamba nikichanganya uongo hata kidogo ataweka kalamu chini.

Nday ni mume wa binti yangu Larissa. Alizaliwa kwetu Likasi, baba yake mtu wa reli, yule wa kupunga bendera treni ipite. Hapa Bruxelles kazi yake ni kusukuma wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe-Saint-Lambert. Kutoka chumbani mpaka mahali pa kupiga picha za mifupa, kutoka kwenye picha mpaka chumbani, kitanda mbele, yeye nyuma, miaka kumi na moja sasa. Ni mrefu, mkimya, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku moja mgonjwa mzee alimwomba amsimamishe kidogo dirishani. Juu ya bomba la moshi la jengo la mbele alikuwepo kipanga anakula njiwa. Wakatazama wote wawili. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Yule mzee alipoona hatatoka hospitalini akampa Nday darubini yake. Ndivyo ugonjwa ulivyomwingia.

Akajiunga na watu wanaohesabu ndege pwani, nao wakampa kisiwa. Usifikiri ni kisiwa cha kujenga nyumba. Ni kipande cha majani ya chumvi katikati ya matope, huko karibu na mpaka wa Uholanzi, hata jina hakina. Mwezi wa kumi, majani ya miti yakianza kuanguka, ndege wanashuka huko kutoka nchi za barafu kwa maelfu, na Nday anakwenda kuwahesabu mmoja mmoja. Miaka sita hajakosa. Pale Porte de Namur, karibu na Matonge, wanamwita Papa Ndeke, yaani Baba Ndege.

“Papa Ndeke, banakulipa ngapi kwa ndeke moja?”

“Zéro.”

“Alors, unahesabu za nani?”

“Zote,” anajibu, na anapita zake.

Sasa kuna jambo lazima mlijue kabla hatujafika kwenye maji. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaogopana, ndiyo heshima yenyewe. Nday hataji jina langu. Hali nami meza moja. Hanipi kitu mkono kwa mkono. Anakiweka mahali, mimi ninakichukua. Akiongea nami anaongea na viatu vyake. Na mimi sijifunui mbele yake hata kidogo: pagne, kitenge cha kujifunga, ya mama mkwe ikianguka mkwe akiona, ni neno la kuita ukoo na kuleta mbuzi. Kuna siku moja tu mama anaweza kutupa nguo yake bila kujali nani anatazama, nayo ni siku ya msiba.

Nilifika Bruxelles mwezi wa sita. Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa kumi nikamkuta Nday amesimama juu ya kiti jikoni anarudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani. Nikamwuliza Larissa mumewe ana nini.

“Mama, leo banatupatia saa moja.”

“Nani?”

“L’État, serikali. Kila mwaka. Saa zote zinarudishwa nyuma, utalala saa moja ya zaidi.”

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, mimi nimedanganya watu miaka sabini, lakini uongo wako huo sikuwahi kuufikia. Bon, nikalala. Asubuhi nikaamka kama kawaida yangu, nikaenda jikoni, na kweli: saa ilikuwepo ya ziada. Nyumba nzima imelala, chai haijachemka, na siku bado haijaguswa. Nikakaa na saa yangu ya bure, nikaifurahia peke yangu.

Jumapili hiyo Larissa alikuwa na kwaya, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema nataka kuona hicho kisiwa kwa macho yangu. Kwa hiyo tukaenda wawili, Nday mbele, mimi kiti cha nyuma, kama mteja wa teksi. Tulipokaribia bahari, akaanza kuuambia usukani maneno. Anaposema na usukani anasema nami.

“Shida ni saa,” akasema. “Bandege banakula kule ku matope. Maji ikianza kupanda, inabasukuma, banakuja ku kisiwa. Donc wakati ndo banafika kabisa, mi minatoka. Kila mwaka. Kama ningepata saa moja ya zaidi, moja tu, ningehesabu bote.”

“Na ukikaa?” nikauuliza mkoba wangu.

“Hapana kukaa. Kuko mfereji kati ya kisiwa na digue. Unajaa mbiombio. Na leo mwezi iko mukubwa, maji itapita juu ya kisiwa yenyewe. Onze heures niko ku digue.”

Digue ni tuta refu linalozuia bahari isiingie nchini mwao, na onze heures ndiyo saa tano yetu ya asubuhi. Tuliegesha gari pale saa tatu asubuhi. Nday akaanza kuvaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Saa ya mkononi, ile ya marehemu baba yake ya relini, akaivua na kuiweka juu ya gari. Simu yake akaiweka hapo hapo, maana mwaka jana moja ilizama matopeni. “Larissa akiita,” akaviambia viatu.

Akanigeuzia mgongo kufunga kamba za mabegani.

Nawaambia nilivyofikiri, msinicheke. Nusu nilijua ni mchezo. Nusu nyingine ilikuwa imekunywa chai asubuhi ndani ya saa ya bure. Nikajisemea, kama serikali inagawa saa kwa watu wote, hata wavivu, kwa nini huyu anayefanya kazi bila kulipwa asipate ya pili? Nikachukua ile saa, nikavuta kitufe cha pembeni, nikarudisha mishale nyuma duara moja zima, nikaiweka pale pale. Ilikuwa zawadi. Mkwe wangu ananitunza tangu mwezi wa sita na mimi sikuwa nimempa kitu.

Angekuwa mtu mwingine angeitazama. Lakini nilikuwa nimesimama karibu, na Nday mbele yangu hainui uso. Akaifunga kwa kupapasa, akavuta mkono wa koti juu yake, akashuka tutani.

Njia ya kwenda kisiwani imechomekwa fimbo kumi na mbili. Nikamwona akizipita moja moja, akivuka mfereji uliokuwa na maji ya kifundo cha mguu, mpaka akawa mdogo kama kijiti cha kumi na tatu.

Pale tutani alikuwepo mzungu mmoja, Marie-Claire, mwanamke wa umri wangu, naye mhesabu; yeye huhesabu kutoka juu kwa darubini ya miguu mitatu. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini alinielewa. Akanionyesha sili wamelala kwenye mchanga, wanene, wenye sharubu, kama wazee waliotoka kula. Akanionyesha ndege weupe wanne wenye mdomo kama mwiko wa bukari, ugali wetu, wanakoroga maji kulia kushoto. Nikamwambia huko kwetu wapo wanaopika kabisa. Akacheka, nafikiri alielewa.

Nikasahau saa. Halafu nikamwona Marie-Claire akitazama mkono wake. Akatazama kisiwa. Akatazama tena mkono.

Nikachukua simu ya Nday. Namba ninazijua, niliuza samaki miaka thelathini. Ilikuwa onze heures na dakika mbili.

Mara ya kwanza nilifurahi, msinilaani. Nikasema moyoni, anakula saa yangu. Ndege walikuwa wanaanza kumiminika kisiwani, wingu juu ya wingu, na katikati yao kile kijiti cheusi kimeinama, kinahesabu.

“Hajawahi kuchelewa,” Marie-Claire akasema. “Miaka sita. Huwa anarudi mapema.”

Akanionyesha fimbo ya saba, ile ya mferejini. Alama nyekundu iliyochorwa juu yake maji yakiifika, hakuna tena njia. Nikatazama. Maji yalikuwa chini ya alama kwa kiganja kimoja. Hayakuwa na wimbi wala kelele. Yalikuwa yanaingia kati ya majani kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Serikali ilikuwa imewapa saa watu. Haikuwa imeyapa maji.

Marie-Claire akapiga simu kwa watu wa kuokoa. Akanionyesha vidole: mashua itafika baada ya dakika ishirini na tano. Nikamwuliza fimbo ina dakika ngapi. Akanionyesha vidole vya mkono mmoja, akafikiri, akaongeza vya mkono wa pili.

Nikampigia Larissa. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba.

“Larissa, nimegeuza saa ya Nday. Nimeirudisha nyuma. Yuko kisiwani, anafikiri ni saa nne, na maji yanakuja.”

“Mama, leo ni dimanche, siku ya Mungu, usidanganye.”

“Nakwambia nimegeuza.”

“Na yule kiboko, ulimupatia saa ngapi?”

“Maji yanapanda, Larissa,” nikasema. Nikasikia mlango unafungwa upande wake na nyimbo zikakatika.

“Mama. Ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Haujaapa,” akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. “Wewe ukidanganya unaapa. Mama, umuite.”

“Upepo unatoka kwake. Hasikii.”

“Piga klaxon ya gari.”

“Ufunguo anao mfukoni.”

“Basi aone. Fanya aone kintu, Mama.”

Nikampa Marie-Claire simu, nikashuka tutani. Nilikuwa nimevaa pagne ya harusi ya Larissa, ya manjano yenye maua mekundu, mita mbili nzima. Ndani yake, kwa sababu ya baridi, nilivaa suruali ya sufu ya Larissa, ya zambarau, inayobana. Mjue hivyo tu, msiulize zaidi. Nikapita fimbo ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, ukingoni mwa mfereji. Matope yakachukua kiatu kimoja. Maji yakanifika shingoni, nikaogelea mpaka

Graciella ameweka kalamu chini.

Yalinifika magotini.

Nikafungua pagne. Upepo ukaipokea yenyewe, ikapigapiga kama bendera ya baba yake Nday, na ndege wote wa kisiwa kile wakaondoka. Wote. Mabata bukini kwanza, na kelele zao za watu wanaogombana sokoni, halafu wale wa mdomo mrefu uliopinda, halafu wale wadogo wasio na idadi, wanageuka hewani weupe, weusi, weupe. Jua likafichika. Kazi ya asubuhi nzima ya mkwe wangu niliitawanya kwa kitambaa.

Nilijua atainua kichwa. Ndege wakiruka hivyo wanamkimbia kipanga, na Nday hawezi kumkosa kipanga. Nikaona darubini yake inatafuta juu angani, inashuka, inapita fimbo moja moja, inanifikia. Ikasimama.

Kisha Nday akanipa mgongo.

Nikapunga. Hakugeuka. Mama mkwe amevua nguo mbele yake, na yeye ni mtoto aliyelelewa. Anatazama upande wa bahari, mikono imeshuka, anangoja nijifunike. Maji yalikuwa yameshika alama nyekundu chini kabisa. Nikaita jina lake, ambalo sijawahi kuliita kwa sauti, upepo ukanirudishia mdomoni. Nikasema moyoni, heshima itamwua huyu mtu. Nimemwua mara mbili, mara moja kwa saa na mara moja kwa pagne.

Sikujifunika. Sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Nikasimama pale na suruali yangu ya zambarau, nikapunga mpaka mabega yakawaka, na yule mrefu amesimama, mgongo, mgongo tu. Sijui ni muda gani. Marie-Claire anasema dakika moja.

Halafu nikaona mabega yake yamebadilika. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaanza kukimbia.

Alikimbia uso ameugeuzia pembeni, hanitazami, anajikwaa, darubini inampiga kifuani. Alipofika mferejini akaona maji, na nikaona kwamba hakuwa ameyaona kabla. Hakusimama. Yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, suruali ya mpira ikaanza kunywa, na akaelemewa, akapotea upande. Fimbo ya saba ndiyo iliyomshika. Akaikumbatia, akajivuta, nami nikamtupia ncha ya pagne. Akaishika. Mimi nikavuta upande huu na Marie-Claire, aliyekuwa ameingia majini na viatu vyake vya bei, akanishika mimi kiuno.

Akatoka amepiga magoti matopeni. Ndipo akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nani amekufa?” akasema.

Hicho ndicho alichokuwa amefikiri kule, akiwa amenipa mgongo. Mama mkwe hawezi kutupa nguo hivi hivi. Alikimbia kilomita nzima akijua kwamba Larissa hayupo tena.

“Bado,” nikamwambia. “Bado hakuna. Toka kwenye maji.”

Mashua ilipofika, fimbo ya saba haikuonekana, na kisiwa kilikuwa majani machache tu yanayotikisika juu ya maji. Yule mwenye mashua akauliza wako wangapi. Marie-Claire akamwonyesha sisi wawili. Nday alikuwa amejikunja kando ya gari, na mimi nimejifunga pagne yenye matope, tukitetemeka kila mtu upande wake.

Njia ya kurudi hakuuambia usukani kitu chochote. Na mimi sikuuambia mkoba. Nilitazama mgongo wa kiti chake na kufikiri, atakapoitazama ile saa na kuitazama nyingine yoyote, atajua. Kila tulipopita kanisa lenye saa mnarani nilishusha macho. Tulipoingia barabara yetu ya Chaussée d’Ixelles, watu wanatembea na mifuko yao kama Jumapili yoyote, nikataka tuendelee kuendesha tu, tusifike.

Larissa alikuwa mlangoni. Alimshika mumewe, akamwachia, akamshika tena. Mimi alinitazama tu, akaenda kupika.

Alasiri Nday akakaa mezani na karatasi ya hesabu. Nilikuwa nimeketi hapo na chai yangu, nikainuka niondoke, kama inavyopasa.

“Umuambie mama akae,” akamwambia Larissa.

Nikakaa.

“Umuulize, bandege baliruka ngapi? Mi nilifika elfu mbili mia tatu, bado bukini.”

Mimi ndiye niliyesema kwamba nilihesabu nyota zote za Likasi nikakuta moja imekosekana. Ningeweza kumpa namba nzuri. Nikafungua mdomo.

“Mwambie sijui,” nikasema. “Sikuwatazama hao. Nilikuwa na mtu mmoja wa kuhesabu.”

Nday akaifungua mkononi saa ya baba yake, ambayo maji hayakuiweza, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ile ya ukutani ilisema saa kumi. Hii ilisema saa tisa. Alitazama moja, akatazama nyingine, kwa utaratibu, kama anavyofanya na ndege wanaofanana. Akaiweka mezani, kati ya sukari na kikombe changu.

Ningeweza kusema ni maji. Saa imeingia maji, imelala saa moja, ikaamka. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini.

Nikachukua saa, nikavuta kitufe, nikapeleka mishale mbele duara moja zima. Nikapitiliza dakika tano, nikarudisha. Nilitaka kuiweka mezani aichukue. Lakini alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, ananingoja, anatazama viatu vyake. Nikaiweka kiganjani.

Akaifunga. Akarudi kwenye karatasi. Kuna mahali pa kuandika kilichowasumbua ndege: mbwa, ndege ya abiria, mwindaji, kingine. Larissa alisoma begani kwake alichoandika kwenye “kingine”, akaziba mdomo kwa mkono.

“Ameandika nini?”

“Belle-mère, une.” Mama mkwe, mmoja.

“Mwambie aongeze rangi ya pagne,” nikasema. “Wasije wakafikiri ni mwingine.”

Nday akaongeza.